Neno "Kudaka" na Mipaka Yake: Uchambuzi wa Kanuni Moja ya Mpira wa Kimarekani

Utangulizi

Makala haya yanakusudia kueleza jambo ambalo kwa mtazamo wa kwanza halielekei kuihusu idara ya lugha, nalo ni hili: mchezaji wa mpira wa Kimarekani huhesabiwa lini kuwa ameudaka mpira ndani ya uwanja? Swali hilo limewahangaisha Wamarekani kwa miaka mingi. Limebatilisha mabao, limeandikwa na kufutwa na kuandikwa tena katika vitabu vya kanuni, na hatimaye, mwezi Machi 2018, wenye timu zote 32 za Ligi ya Taifa ya mchezo huo, inayojulikana kwa herufi NFL, walipiga kura pasipo hata mmoja kupinga ili maelezo ya tendo hilo yaandikwe upya.

Yafaa ieleweke tangu mwanzo kwamba ugomvi huo ulihusu maana. Watazamaji walikuwa wameona tukio lile lile, tena katika picha zilizopunguzwa mwendo hata kila kidole kikaonekana. Hawakubishana juu ya kilichotokea. Walibishana kama kilichotokea kinastahili kuitwa "kudaka". Mabishano ya namna hiyo ndiyo kazi ya kila siku ya mtunga kamusi, mfasiri na mtaalamu wa maana. Nasi wa Afrika Mashariki tunayo sababu ya karibu zaidi ya kuyachunguza. Katiba ya Kenya ya 2010 imekifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi sambamba na Kiingereza, na nchini Tanzania sheria ya 2021 imekifanya kuwa lugha ya sheria na ya mahakama. Ni dhahiri kwamba vitenzi vyetu vya kawaida, kama vile kushika, kupokea, kuingia na kumiliki, vitazidi kutwikwa mzigo wa kisheria. Kanuni ya kudaka inatuonyesha, katika uwanja mdogo na wenye mwanga wa kutosha, yanayolipata neno la watu linapotiwa ndani ya kifungu cha sheria.

1. Mchezo kwa ufupi

Kwa msomaji aliyezoea kandanda, maelezo machache yatatosha. Uwanja wa mpira wa Kimarekani una urefu wa yadi 120 na upana wa yadi 53 na theluthi moja, yaani yapata meta 109.7 kwa meta 48.8. Katika kila upande wa mwisho pana ukanda wa yadi 10, na mchezaji akiumiliki mpira ndani ya ukanda wa wapinzani timu yake hupata pointi 6. Mpira wenyewe una umbo la yai lenye ncha mbili. Timu inayoshambulia hupewa majaribio 4 ya kusonga mbele yadi 10. Katika jaribio moja mrushaji anaweza kuurusha mpira mbele, na mwenzake akajaribu kuudaka.

Hapo ndipo linapozuka swali letu, kwa kuwa jibu lake lina matokeo matatu yaliyo mbalimbali kabisa. Mpira ukidakwa, timu hujipatia masafa yote ya mrusho na kuendelea. Usipodakwa, pasi huhesabiwa kuwa haikukamilika. Mchezo husimama na mpira hurudishwa pale jaribio lilipoanzia. Lakini ukidakwa kwanza kisha ukamponyoka mdakaji kabla ya mchezo kusimamishwa, huwa ni mpira uliodondoshwa, na yeyote wa timu yoyote ana haki ya kuurukia na kuuchukua. Kwa hiyo tofauti kati ya "hakuudaka" na "aliudaka ukamponyoka", ambayo katika mazungumzo yetu ni ndogo, katika mchezo huu yaweza kuwa tofauti ya ushindi na kushindwa.

2. Masharti matatu

Kanuni ilivyo tangu 2018 ina masharti matatu, nayo hufuatana kwa mpango. Kwanza, mchezaji audhibiti mpira kwa mikono kabla haujagusa ardhi. Pili, akiwa ameudhibiti, aguse ardhi ndani ya uwanja kwa miguu yote miwili au kwa kiungo kingine cha mwili kisichokuwa kiganja. Tatu, baada ya hayo mawili kutimia, afanye tendo la kawaida la mchezo, kwa mfano kupiga hatua nyingine, kunyosha mpira mbele, kuukumbatia na kugeuka, au kumkwepa mpinzani. Au asipofanya lolote, aushike mpira kwa muda ambao ungemtosha kulifanya.

Ukiyatazama masharti haya kwa jicho la mwanaisimu utaona kwamba hayana asili moja. Sharti la kwanza linaeleza kitenzi chenyewe. Sharti la pili linaeleza mahali, yaani maneno "ndani ya uwanja". Sharti la tatu linaeleza ukamilifu wa tendo, jambo ambalo katika Kiswahili halikai ndani ya mzizi wa kitenzi bali katika viambishi vyake vya njeo na hali. Tutayachukua moja baada ya jingine.

3. Kitenzi: kudaka na kudhibiti

Kitenzi cha Kiingereza kinachotumika katika kanuni hiyo ni kipana mno. Hicho kimoja hutumika kwa mwizi, kwa samaki, kwa homa na kwa gari la abiria. Kiswahili kimeigawa kazi hiyo: mwizi hukamatwa, samaki huvuliwa au hunaswa, mtu hushikwa na homa, gari huwahiwa. Kudaka kumebakiziwa maana mahususi ya kukipata kwa mikono kitu kilicho hewani kabla hakijafika chini. Mpenzi wa kandanda hana haja ya kufundishwa hayo, kwa kuwa humsikia mtangazaji akimsifu golikipa kwa kitenzi hiki hiki. Kwa hiyo nusu ya sharti la kwanza, ile isemayo "kabla haujagusa ardhi", imo tayari ndani ya neno letu.

Nusu ya pili, yaani udhibiti, ni ngumu zaidi. Je, mpira ukigusa nyasi hali umo mikononi mwa mtu, umedakwa? Jambo hili lilizua kelele kubwa tarehe 23 Januari 2000, katika mchezo ambao St. Louis Rams waliwashinda Tampa Bay Buccaneers kwa 11 kwa 6 na kujipatia nafasi ya kucheza fainali. Mchezaji wa Tampa Bay, Bert Emanuel, alijirusha na kuupata mpira kwa mikono miwili. Waamuzi walikubali kwamba ameudaka, kisha baada ya kutazama picha wakabatilisha, kwa sababu ncha ya mpira ilikuwa imegusa ardhi alipoanguka. Baada ya msimu huo kanuni ilifafanuliwa: kugusa ardhi peke yake hakuharibu kitu, maadamu mchezaji ameendelea kuudhibiti mpira. Vilevile kanuni ya sasa inasema kwamba mpira kutikisika kidogo mikononi si ushahidi wa kutosha wa kuupoteza.

Tuone basi kwamba kuna ngazi za vitenzi hapa: kugusa, kudhibiti, kudaka, na hatimaye kumiliki. Aliyegusa huenda hajadhibiti. Aliyedhibiti huenda hajadaka, kwa kuwa miguu yake ingali hewani. Sheria iliyoandikwa vizuri haina budi kuvitumia vitenzi hivi kila kimoja mahali pake, na mwandishi wake asivibadilishe kwa ajili ya kupamba lugha. Mwalimu wa insha humsifu mwanafunzi asiyerudia neno. Katika kifungu cha sheria kurudia neno ni wajibu.

4. Mahali: mstari, wayo na goti

Katika kandanda mstari wa pembeni ni sehemu ya uwanja, na mpira hauhesabiwi kuwa umetoka mpaka uuvuke mstari mzima. Katika mpira wa Kimarekani mambo ni kinyume: mstari ni nje. Kuugusa kwa ncha ya kidole kimoja ni sawa na kusimama barabarani. Wachezaji wa raga hawatashangaa, kwani katika mchezo wao pia mstari wa pembeni ni nje. Ila mzoefu wa kandanda atazamaye kwa mara ya kwanza hana budi kuligeuza wazo lake zima la maana ya mpaka.

Jambo la pili ni kwamba "ndani" hapa haipimwi kwa mahali mwili ulipo bali kwa kile mwili ulichokigusa. Mdakaji aweza kuinama mpaka kichwa, mabega na mikono yake yote iwe ng'ambo ya mstari, na mpira audakie huko huko nje. Ikiwa vidole vya miguu yake miwili vingali vimegusa nyasi za ndani, yeye yumo uwanjani. Lugha yetu yenye viambishi vitatu vya mahali, po, ko na mo, inalieleza jambo hili vyema. Kwa macho, mchezaji huyo yuko nje. Kwa sheria, yumo. Sheria imekichukua kiambishi mo, ambacho kwa kawaida huonyesha kuzungukwa au kuwa ndani ya kitu, ikakipa kipimo kipya cha kugusa.

Mfano mashuhuri ni wa tarehe 1 Februari 2009, katika fainali kati ya Pittsburgh Steelers na Arizona Cardinals. Santonio Holmes alijinyosha kwenye pembe ya ukanda wa mwisho, akaudaka mpira juu ya kichwa huku mwili ukiinamia nje, na ncha za vidole vya miguu yote miwili zikabaki zimechoma nyasi za ndani. Picha zilitazamwa, uamuzi ukathibitishwa, na Steelers wakashinda 27 kwa 23. Mfano wa upande wa pili ni wa tarehe 5 Septemba 2024. Katika mrusho wa mwisho wa mchezo, Isaiah Likely wa Baltimore Ravens aliudaka mpira kwenye ukingo wa nyuma wa ukanda, na mwamuzi akanyosha mikono juu kuashiria bao. Picha zikaonyesha kwamba ncha ya kiatu chake imegusa mstari. Bao likafutwa, na Kansas City Chiefs wakashinda 27 kwa 20.

Kanuni imeingia ndani zaidi hata ikaugawa wayo wenyewe. Mchezaji akitua kwa vidole ndani, kisha kwa mwendo mmoja wa kawaida wa hatua kisigino chake kikashukia mstari, wayo wote huhesabiwa kuwa nje. Lakini akiviburuta vidole ndani bila kisigino kushuka, au pakiwa na kitambo kati ya kutua kwa vidole na kutua kwa kisigino, yumo. Hatua moja ya mwanadamu, ambayo msemaji wa kawaida huiona kuwa kitu kimoja, hapa imekuwa na mwanzo na mwisho.

Pana pia swali la idadi. Katika ligi hii ya kulipwa huhitajika miguu miwili, ilhali katika mashindano ya vyuo vikuu vya Marekani mguu mmoja hutosha. Tofauti hiyo inadhihirisha kwamba sharti la miguu halitokani na maana ya kudaka. Ni makubaliano tu, na jamii nyingine yaweza kukubaliana vingine. Hadi mwaka 2008 palikuwa na makubaliano ya ziada: mdakaji aliyesukumwa nje na mpinzani akiwa hewani aliweza kupewa haki yake ikiwa mwamuzi aliona kwamba asingesukumwa angetua ndani. Sharti hilo la "-nge-" lilifutwa mwaka huo, kwa kuwa lilimtaka mwamuzi aamue jambo ambalo halikutokea. Kilichobaki ni kwamba mpinzani akimbeba mdakaji hewani na kumtoa nje naye ameushika mpira, mdakaji hapotezi haki yake.

5. Mtego wa mfasiri: mguu na mkono

Hapa ndipo Kiswahili kinapomtega mfasiri. Kiingereza kina neno moja kwa sehemu iliyo chini ya kifundo cha mguu, na jingine kwa kiungo kizima kuanzia nyonga. Sisi tunasema "mguu" kwa vyote viwili. Vivyo hivyo "mkono" wetu huanzia begani hadi kwenye kucha. Tufasiri basi sharti la pili kwa haraka: "aguse ardhi kwa miguu miwili au kwa sehemu yoyote ya mwili isipokuwa mikono." Sentensi hii ni fasaha, tena ni ya makosa mawili.

Kosa la kwanza linahusu goti. Kwa kanuni ya Wamarekani, goti moja likigusa ndani linatosha. Lina thamani ya nyayo mbili. Lakini kwa Kiswahili goti ni sehemu ya mguu. Msomaji wa tafsiri yetu ana haki ya kusema kwamba aliyegusa kwa goti moja amegusa kwa mguu mmoja tu, na kwa hiyo bado anadaiwa wa pili. Kosa la pili linahusu kiwiko. Kanuni inakitoa kiganja tu: mchezaji akigusa kwa kiganja hajatimiza sharti, ila akigusa kwa kiwiko ametimiza. Tafsiri yetu, kwa kusema "isipokuwa mikono", imekitoa na kiwiko pia, na kumnyima mchezaji haki aliyopewa.

Hakuna upungufu wa lugha hapa. Maneno tunayo: wayo, kisigino, kifundo, muundi, goti, paja, nyonga, kiganja, kifundo cha mkono, kiwiko, bega. Kilichokosekana ni uangalifu wa mfasiri wa kutambua kwamba neno lenye mpaka mpana haliwezi kusimama mahali pa neno lenye mpaka mwembamba. Hasara ya uwanjani ni pointi 6. Lakini tuchukue sheria ya fidia kwa mfanyakazi aliyeumia kazini, ambayo hutenga kiasi kimoja kwa kupoteza kiganja na kiasi kingine kwa kupoteza mkono mzima. Mfasiri akiandika "mkono" pande zote mbili, anayeumia ni mtu aliyekwisha kuumia.

6. Wakati: tendo limekwisha lini?

Sharti la tatu ndilo lililoleta fitina kubwa kuliko yote. Kabla ya 2018 kanuni ilisema kwamba mchezaji anayeanguka katika harakati za kudaka hana budi kuendelea kuudhibiti mpira mpaka baada ya kugusana na ardhi. Nia ilikuwa njema. Waandishi walitaka kuwapunguzia waamuzi mzigo kwa kuwapa alama inayoonekana: ardhi. Lakini matokeo yake yaliwashangaza wengi.

Tarehe 12 Septemba 2010, Calvin Johnson wa Detroit Lions aliruka katika ukanda wa mwisho wa Chicago Bears, akaupata mpira, akatua kwa miguu miwili na kuangukia makalio. Mpira ulimtoka mkononi pale alipougusisha chini akijiinua. Ikaamuliwa kwamba hakuudaka, na Bears wakashinda 19 kwa 14. Tarehe 11 Januari 2015, Dez Bryant wa Dallas Cowboys aliudaka mpira hewani karibu na mstari wa bao wa Green Bay Packers, akapiga hatua huku akiyumba, akaunyosha mpira mbele. Ulipogonga ardhi ukaruka. Uamuzi wa kwanza kwamba ameudaka ulibatilishwa, na Packers wakashinda 26 kwa 21. Tarehe 17 Desemba 2017, Jesse James wa Pittsburgh Steelers aliudaka mpira, akagusa kwa goti, akageuka na kuuvusha mstari wa bao, ndipo mpira ukatikisika kwenye nyasi. Bao likafutwa, na New England Patriots wakashinda 27 kwa 24. Miezi mitatu baadaye kanuni ikabadilishwa.

Tuyapime matukio haya kwa sarufi yetu. Tazama sentensi zifuatazo:

(i) Aliudaka mpira, ukamponyoka.
(ii) Alikuwa akiudaka mpira, ukamponyoka.
(iii) Ameudaka mpira.
(iv) Amekwisha kuudaka mpira.

Katika (i) kiambishi -li- kinalifunga tendo la kwanza, na -ka- inaleta tendo jipya linalofuata. Mdako ulikuwapo, ukafuatwa na hasara. Katika (ii) tendo lilikuwa njiani na halikufika. Katika (iii) kiambishi -me- kinaleta hali inayodumu, kama tusemapo "ameketi" au "amelala": mpira ungali mikononi wakati wa kusema. Katika (iv) kitenzi kisaidizi kinatilia mkazo kwamba kazi ile imepita na mtendaji yuko tayari kwa jingine.

Mamilioni ya watazamaji waliona sentensi (i). Kanuni ya zamani iliwalazimisha waseme (ii). Ilikuwa imekichukua kitenzi ambacho katika akili ya msemaji hutimia kwa nukta moja, ikakifanya kitenzi cha mwendo mrefu ambao mwisho wake umefichwa chini ardhini. Mwanafalsafa Zeno Vendler, katika makala yake ya 1957 juu ya vitenzi na wakati, alitenganisha matendo ya nukta, kama vile kufika kileleni au kushinda mbio, na matendo yenye muda na kikomo, kama vile kuchora duara. Twaweza kusema kwamba kanuni ya zamani ilikihamisha kitenzi kutoka kundi la kwanza hadi la pili bila idhini ya wasemaji wake. Wasemaji wakakataa. Kila tukio la namna ya Johnson au Bryant lilipotokea, watu walirudi kwenye maana waliyoizoea, na hapakuwa na ufafanuzi wa kitaalamu ulioweza kuwatoa hapo.

Kanuni ya 2018 iliiacha ardhi kama kipimo na kutafuta dalili za sentensi (iv). Inauliza: je, mtu huyu amekwisha kudaka, hata ameanza kazi nyingine? Hatua ya ziada, kugeuka, kumkwepa mpinzani, vyote hivi ni ushahidi kwamba tendo la kwanza limepita. Kwa kusoma maneno hayo mapya, kule kunyosha mpira kwa Bryant na kwa James ni miongoni mwa matendo yaliyotajwa waziwazi. Yafaa kusisitiza kwamba mpaka haukuondolewa; umehamishwa tu. Bado maneno "muda ambao ungetosha" hayana saa ya kuyapima, na mabishano yangali yakitokea. H. L. A. Hart, katika kitabu chake cha 1961 juu ya dhana ya sheria, alieleza kwamba kila neno la jumla lina kiini kilicho wazi na ukingo wenye giza. Kazi ya mwandishi wa sheria si kuliondoa giza hilo, jambo lisilowezekana, bali kuhakikisha kwamba yale yaliyo katika kiini cha matumizi ya watu hayasukumwi gizani.

7. Kauli ya mwamuzi

Limebaki swali moja: ni nani asemaye neno la mwisho? J. L. Austin, katika mihadhara yake iliyochapishwa 1962, alihesabu kauli za waamuzi wa michezo miongoni mwa semi zinazotoa hukumu. Mtazamaji asemapo "ameudaka" anaarifu. Mwamuzi asemapo hivyo, anaufanya mdako uwepo kwa ajili ya hesabu ya mchezo. Sentensi ni ile ile, kazi ni mbili.

Picha za marudio zimeichanganya hali hiyo. Ligi ilizitumia tangu 1986 hadi 1991, ikaziacha, kisha ikazirudisha 1999. Kwa utaratibu uliopo, uamuzi wa uwanjani hubaki kama ulivyo ila panapokuwa na ushahidi wa wazi wa kuubatilisha. Kwa hiyo matukio mawili yanayofanana kabisa yaweza kupata hukumu mbili, kwa kutegemea mwamuzi alitamka nini mwanzo. Jambo hili huwaudhi wapenzi wa mchezo, lakini mwanasheria analijua sana: mahakama ya rufani nayo haianzi kesi upya, bali huuliza kama kuna sababu ya kutosha ya kuigeuza hukumu iliyokwisha kutolewa. Na picha, hata ziwe safi namna gani, huonyesha tu mahali wayo ulipo. Haziwezi kuonyesha maana ya kitenzi.

Hitimisho

Tumeona kwamba maneno machache, "ameudaka mpira ndani ya uwanja", yamebeba mambo matatu: kitenzi, mahali na ukamilifu. Kwa kumalizia tunatoa pendekezo la namna kanuni hiyo ingeweza kuandikwa kwa Kiswahili, kwa kuzingatia yote tuliyoyaeleza:

Mchezaji atahesabiwa kuwa ameudaka mpira ndani ya uwanja ikiwa (a) ameudhibiti kwa viganja au kwa mikono kabla haujagusa ardhi; na (b) akiwa ameudhibiti, amegusa ardhi ya ndani kwa nyayo zote mbili, au kwa sehemu nyingine yoyote ya mwili, goti na kiwiko zikiwamo, isipokuwa viganja; na (c) baada ya kutimiza (a) na (b), amefanya tendo jingine la kawaida la mchezo, au ameendelea kuudhibiti mpira kwa muda ambao ungemtosha kulifanya. Mstari wa mpaka ni nje ya uwanja.

Msomaji ataona kwamba hatukuhitaji kuunda istilahi hata moja. Maneno yote ni ya zamani. Tulichofanya ni kuyachagua kwa kuangalia mipaka yake. Wenzetu wanaoshughulikia tafsiri za sheria na kamusi za taaluma mara nyingi hulalamika kwamba Kiswahili hakina msamiati wa kutosha. Uchambuzi huu unaelekea kuonyesha kwamba, kabla ya kuunda maneno mapya, ipo kazi kubwa ya kupima upana wa yale tuliyo nayo: mguu unaishia wapi, mkono unaanzia wapi, na tendo tunalolitaja kwa -li- au -me- linahesabiwa kuwa limekwisha wakati gani. Kazi hiyo yaweza kuanzia katika semina zetu za shahada ya kwanza, kwa kumpa kila mwanafunzi kifungu kimoja cha sheria iliyokwisha kufasiriwa na kumtaka atafute humo neno moja ambalo mpaka wake umepotea njiani.